Wifi na Waifai

Wifi yangu hakunilipia tiketi ya Dubai kwa mapenzi. Abiria mmoja alikuwa na ruhusa ya mabegi mawili ya kilo 23, na yeye, muuza vijora wa Kariakoo, huwa na mzigo wa abiria watatu. Mimi nilikuwa kilo 46 zenye pasipoti.

Upande wa simu nilijiona nimejipanga. Nilipiga huduma kwa wateja, wakaifungua laini yangu ishike mtandao wa nje, nikaweka vocha ya 20,000 na kuapa kwamba sipigi simu hata moja. Ndege ilipotua nikaiwasha. Watu walikuwa bado wanagombania mabegi ya juu, simu ikaanza kutetemeka: Shangazi.

Nikapokea. Mimi ni mtoto wa zama za kubipu, bipu moja nimefika, mbili nipigie, na dini yetu ilikuwa moja: anayepiga ndiye anayelipa. Shangazi akaanza na salamu za nyumba nzima, mmoja mmoja. Akauliza kama huko kuna joto. Akaingia kwa mbuzi wa jirani aliyemaliza tuta zima la mchicha, na jirani alivyojibu alipoambiwa, na mama yake jirani alivyokuwa na tabia hiyohiyo mwaka ule wa mafuriko. Mimi naitika tu, "Ehee, Shangazi," begi la mtu likinikaa begani. Kisha akashusha sauti.

"Sasa nisikilize vizuri, mwanangu, na usimwambie mtu. Huyo wifi yako..."

Kimya. Ikaja meseji: salio lako halitoshi.

Nilikuja kueleweshwa baadaye. Ukiwa nje, anayekupigia kutoka nyumbani analipa kama vile bado upo nyumbani. Simu inafika kwanza kwenye mtandao wako wa nyumbani, ndipo inasafirishwa hadi ulipo, na nauli ya kipande hicho cha pili ni yako. Kwa hiyo Shangazi alilipia kipande cha Tanga, na mimi nikamvusha mbuzi bahari ya Hindi, dakika kwa dakika. Ushamba wangu una asili yake. Mwaka 2006 kampuni ya simu ya Celtel walipoleta huduma ya One Network kwa Kenya, Uganda na Tanzania, nilikuwa navuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa na laini yangu ileile, napigiwa na silipi kitu. Nikabaki nadhani dunia yote ni Horohoro.

Kwenye foleni ya uhamiaji wifi alikuwa mbele yangu. Nikamtazama kisogo. Amefanya nini huyu?

Alipopata laini ya kule akaniuliza kama na mimi nanunua. Nikasema hapana, dirhamu zangu zina hesabu, nitashika hotspoti yako. Nenosiri alilonipa lilikuwa asantewifi, herufi zote ndogo. Kuliandika niliandika mara moja tu, ila kulitamka nililitamka kila siku.

Hotspoti ya simu haiendi mbali, na katikati ya watu haiendi popote. Hivyo ukiniona Murshid Bazaar, kule Deira, nimebeba jora la kitambaa nikimfuata mwanamke hatua kwa hatua kama mwali na somo wake, ujue nasubiri meseji ifunguke. Akiingia duka na kuniacha nje na mzigo, nimetoka duniani. Akitoka, naingia.

Siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, akasimama ghafla na kuitazama simu yake.

"Wifi, umekula."

"Nimekula nini, wifi?"

"Bando."

Alilitamka kama anayemwambia mtu kwamba amekula mali ya yatima. Na kweli lilikuwa limeliwa, ila mlaji ni simu yangu. Simu ikishika hotspoti inadhani imefika kwenye nyumba yenye waifai, ikajiachia: ikapakua masasisho ya programu ambazo hata sizitumii, ikapandisha picha zangu za miaka mitatu kwenda kuhifadhiwa huko zinakohifadhiwa, ikafungua video zote za grupu la send-off ya mpwa wetu, ikiwemo ya dakika nane ambayo mpiga picha alisahau kuzima na kurekodi viatu vyake. Simu haijui tofauti ya waifai na wifi. Waifai haikuulizi umetumia kiasi gani.

Akazima hotspoti. Hatukusemeshana mpaka isha.

Usiku nikashuka sebuleni mwa hoteli, ambako mtandao ulikuwa bure, nikampigia kwa WhatsApp binamu yangu anayeishi na Shangazi. Haikuunganika. Mhudumu wa mapokezi akacheka: nchi ile simu za WhatsApp zimezuiwa, yanapita maandishi na sauti za kurekodi tu. Wenyeji wana programu zilizoruhusiwa, kama Botim, lakini nayo lazima iwepo kote kuwili, na Shangazi ana kiswaswadu chenye tochi. Nikarekodi sauti: mwambie Shangazi amalizie yale maneno. Baada ya nusu saa jibu likaja.

"Anasema mambo kama hayo hayasemwi kwenye kurekodiwa."

Sikulala. Mume wangu nisingeweza kumuuliza. Ningeanzaje, dada yako amefanya nini?

Siku ya nne nikasalimu amri, nikaingia duka la simu. Kijana muuzaji alinisikia nikinung'unika, akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu, kumbe wazazi wake ni Waomani waliokulia huko. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba kwenye mipangilio kuna mahali pa kuiambia simu kuwa hii waifai inahesabiwa, usile ovyo. Siku mbili nimegombana na wifi kwa kitufe. Akaniuzia laini ya data tupu. Kitundu cha laini tulikifungua kwa hereni yangu, na laini ya nyumbani nikaifunga kwenye upindo wa kanga, pasipoanguka kitu.

Hapo ningeacha. WhatsApp inakaa na namba yako ya zamani hata laini ukiitoa. Lakini simu iliniuliza swali, na mimi nikiulizwa na mashine hujibu ndiyo. Nikajikuta nimesajiliwa upya kwa namba ya +971, bila picha. Nikamwandikia mume wangu: "Ni mimi, nimebadilisha namba, nitumie hela kidogo."

Jibu lilikuwa fupi: "Matapeli siku hizi mna hadi namba za Uarabuni?" Akaniblock.

Kurudi kwenye namba ya zamani kulitaka tarakimu sita zinazotumwa kwenye laini ya zamani. Laini ipo kwenye kanga. Kanga nayo wifi alikuwa ameshaipakia na vijora, na begi limeviringishwa nailoni mizunguko kama kumi. Ni yeye aliyeniokoa. Akanipiga picha nimekalia lile begi, akamtumia kaka yake: "Huyu tapeli ni mkeo." Kisha, bila kuniangalia, akawasha hotspoti.

Tulipotua Dar sikungoja gari. Nikachana nailoni hapo hapo nje ya jengo la abiria, nikafungua upindo, nikavua hereni, nikarudisha laini, nikajiunga bando, nikampigia Shangazi. Wifi alikuwa anahesabu mabegi, nikasogea pembeni.

"Shangazi, ulikuwa unasema huyo wifi yangu..."

"Wifi yako yupi? Kafanya nini?"

"Wewe ndiye uliyesema, Shangazi! Siku ile, baada ya mbuzi."

Akafikiri.

"Aka, sikumbuki, mwanangu. Lakini mbuzi karudi tena, hukusikia? Ngoja nivute mkeka. Hii simu analipa nani?"