L Imenila

Mwaka 2010, siku ya pili baada ya uchaguzi mkuu, niliandika gazetini kwamba wananchi wa kata yetu walijitokeza kwa wingi tangu alfajiri kwenda kupiga kula. Mhariri alipitiwa, gazeti likatoka hivyohivyo. Tangu hapo chumba cha habari kizima kinaniita Mzee wa L, na kila uchaguzi ukikaribia lazima atokee mtu wa kuniuliza safari hii nimepanga kula wapi. Nilidhani deni langu kwa herufi hiyo lilishaisha. Wiki iliyopita imerudi kudai riba.

Kompyuta yangu ya kubebeka ni mtumba, na ilinifikia ikiwa imeshatumikia mabwana wawili. Ilikuwa na RAM ya GB 4. Kwa asiyejua, RAM ni kama meza ya kazi: makaratasi unayoshughulikia yanatandazwa pale, na meza ikijaa unaanza kuinuka kila mara kwenda kabatini. Yangu haikuwa meza, ilikuwa stuli. Nikifungua barua pepe na ukurasa wa habari kwa pamoja inaganda, naenda kuchemsha chai, narudi, bado inafikiri. Ni mke wangu aliyechoka kwanza. "Baba Neema, si uiongezee hiyo RAM? Chai mara saba kwa siku, na sukari nanunua mimi."

Nikaenda Kariakoo. Muuzaji akaniuliza kizazi cha RAM: "DDR3?" Nikamjibu, "DDR3," kwa sauti ya mtu aliyekua na vitu hivyo, kumbe nimevisoma jana yake usiku. GB 8, shilingi 45,000. Akanifungia kwenye kipande cha gazeti. Sikuangalia kama lilikuwa letu.

Nyumbani nikatafuta bisibisi, nikafungua skrubu nikazitunza kwenye kifuniko cha soda, nikaichomeka RAM mpya pembeni ya ile ya zamani: unaiingiza kwa mshazari, kisha unaikandamiza hadi vibanio vya pande zote mbili viseme "ka!" Vikasema. Nikafunga, nikabonyeza kitufe. Taa ikawaka, feni ikavuma. Kioo kikabaki cheusi tii. Halafu ile taa ndogo ya herufi kubwa ikaanza kuwakawaka: mara tatu, kimya, mara tatu, kimya.

"Inakukonyeza," alisema mke wangu, na hakuwa anacheka.

Habari ya kompyuta isiyowaka haihitaji gazeti. Ndani ya saa moja sebule ilikuwa na mafundi wengi kuliko viti. Shemeji akaniambia ning'oe betri, nichomoe chaja, nibonyeze kitufe cha kuwashia sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Nikabonyeza hadi kidole kikafa ganzi. Jirani mwenye saluni akasema ni virusi, lakini kwa jirani huyu hata feni ya dari ikizunguka polepole ni virusi. Kijana wa kibanda cha simu alikuja na ushauri wa maana: RAM ina meno 204 ya rangi ya dhahabu, yakishika uchafu haisomeki, yasugue kwa raba ya shule. Nikamwomba Neema raba yake. "Baba, hiyo ni ya mtihani." Nikaisugua RAM hadi raba ikabaki nusu. Taa ikaendelea kukonyeza, na sasa nina deni na mwanafunzi wa darasa la tano.

Walipoondoka ndipo nilipofanya nilichopaswa kuanza nacho. Nikatoa ile mpya, nikabakiza ya zamani peke yake: kompyuta ikawaka. Nikaihamishia ya zamani tundu la pili: ikawaka. Nikaweka mpya peke yake tundu la kwanza: konyezo. La pili: konyezo. Basi matundu mazima, RAM ya zamani nzima, hukumu ikabaki moja. Nimeuziwa kimeo.

Kesho yake nilipanda daladala kwenda Kariakoo nikiwa na RAM zote mbili mfukoni na hotuba kichwani. Nilimtolea muuzaji hotuba hiyo mbele ya wateja, kwa sauti. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaichukua ile RAM "mbovu", akaichomeka kwenye kompyuta moja kuukuu iliyokuwa mezani, akabonyeza. Ikawaka palepale, kioo kikang'aa, wateja wakanitazama.

"Mzee wangu, hii nzima kabisa. Hebu nione ya zamani." Akaigeuza kwenye mwanga, akasoma lebo. "Yako ni PC3L. Niliyokupa ni PC3. Sasa mbona hukusema unataka yenye L?"

Niliomba kiti.

Nimeshaelewa, kwa gharama. PC3 ndiyo DDR3 hiyohiyo kwa jina la kwenye lebo. Isiyo na L hutumia umeme wa volti 1.5, sawa na betri moja ya saa ya ukutani. Yenye L hutumia volti 1.35, sawa na betri hiyohiyo ikishatumika kidogo. Aina hii ya kubana matumizi iliwekewa kiwango rasmi mwaka 2010. Ndiyo, mwaka uleule. Kompyuta nyingi za kubebeka za DDR3 zilizotoka kuanzia 2013 zinataka yenye L tu. Ukizipa isiyo na L zinagoma kuwaka. Lakini yenye L ukiipeleka kwenye mashine ya zamani ya volti 1.5, kwa kawaida inafanya kazi bila kinyongo.

Ninacholalamikia ni umbo. RAM za DDR4, kizazi kilichofuata, walizikata pengo mahali pengine, huwezi kuzichomeka kimakosa. Hizi mbili wamezifanya pacha: urefu mmoja, meno yaleyale, pengo palepale. Sasa sisi tunaolazimisha plagi ya miguu miwili kwenye soketi ya matundu matatu kwa mfuniko wa kalamu, kitu kikiingia chenyewe bila ubishi, tutashuku nini?

Nikaomba nibadilishiwe. Muuzaji akanionyesha kwa kidole sehemu ya chini kabisa ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Yenye L alikuwa nayo, shilingi 50,000. Nikainunua kwa hela ya umeme wa nyumbani. Safari hii nilisoma lebo mara tatu, kwa sauti, na muuzaji akaitikia kila mara.

Kompyuta ina GB 12 sasa na inawaka kabla sijakaa vizuri. Chai imepungua hadi mara mbili.

Kwenye droo yangu imebaki RAM moja ya GB 8, PC3 isiyo na L, volti 1.5, safi, meno yamesuguliwa kwa raba, haijafanya kazi yoyote zaidi ya kukonyeza. Mwenye kompyuta ya zamani inayoikubali aje ofisini, shilingi 40,000, maelewano yapo. Uje na RAM yako mkononi tusome lebo pamoja. Pale mapokezi usitaje jina langu, ulizia Mzee wa L.