Mhadhara wa Kwanza wa Elimupaka, Malili

Mheshimiwa Chifu, wazee wa kijiji, akina mama wa chama, na nyinyi vijana wa boda mnaonguruma pikipiki nikizungumza, hamjambo. Mbele yenu amesimama Daktari wa Elimupaka, wa kwanza na wa pekee kuanzia Malili hadi Konza. Shahada nilijitunuku mwenyewe, ila msidhani ilikuwa rahisi. Nilijihoji kwa ukali siku tatu, na mara mbili nusura nijifelishe.

Serikali inajenga mji wa teknolojia hapa kwetu, ekari 5,000, na bado mtu wa Malili akiulizwa paka wake anakula nini, anajibu, "Ugali na maziwa." Aibu! Paka si mwenzetu wa muthokoi. Ni mla nyama tangu kuumbwa, na moyo wake hutegemea kitu kiitwacho taurini, ambacho hakimo kwenye mahindi hata uyakoboe kwa maombi. Mwaka 1987 wataalamu wa Kalifornia walionyesha kwamba paka akikikosa, moyo hutanuka na kulegea. Mimi nilikuwa nalijua hilo, sikuulizwa tu. Maziwa ya ng'ombe nayo huwaharisha paka wengi wazima, kisha unamshuku jirani. Na wewe unayempa mandazi ukidhani anapenda sukari: ulimi wa paka hauonji utamu kabisa. Anafuata mafuta.

Sasa uzito. Wengi wenu hupima paka kwa macho, kama mbuzi wa siku ya soko. Mimi nilimpeleka paka wangu, Injinia, duka la nafaka, nikamtia kwenye gunia, gunia likaning'inizwa kwenye mizani. Likapiga kelele. Mshale ukasimama kwenye kilo 7, ilhali paka wa kawaida huwa na kama 4. Mteja aliyekuwa nyuma yangu akauliza ndengu hizo zinauzwaje.

(Mama wa kibanda cha matumbo, shusha mkono. Maswali ni mwishoni.)

Kisha mpapase mbavu. Ukizigusa kwa urahisi chini ya vidole, yuko sawa. Za Injinia nilizitafuta tangu saa nne asubuhi hadi chakula cha mchana.

Nikaanza tiba. Wapo wanaomnyima paka chakula ili akonde. Hao ni wauaji. Paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta hujazana kwenye ini, na anaweza kufa. Apungue polepole, asilimia 1 au 2 ya uzito wake kwa wiki, yaani Injinia alikuwa na ruhusa ya gramu 70 hadi 140. Omena nilimpimia kwa kijiko, asubuhi na jioni, kila dagaa akaingia daftarini. Jumatatu, 41. Jumanne, 40, mmoja alianguka chini ya kabati.

Baada ya wiki nane, Injinia aliongezeka nusu kilo.

Mbumbumbu angesema daftari lina kasoro. Uchunguzi wangu umeonyesha kwamba ni hewa ya Malili. Naam, huondoka nyumbani saa sita kamili kila siku, akarudi saa nane ananuka supu, masharubu yaking'aa. Hayo tunayaita mazoezi.

Mama, nimesema shusha mkono. Na umwambie Injinia ashuke mapajani mwako, anakaa upande wa wataalamu.