YAH: Pongezi kwa Kufunga Dirisha Bila Kulibomoa

Waheshimiwa Maseneta na Wabunge,
Bunge la Marekani,
Washington.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka 1968 mlitunga sheria kwamba aliyewahi kulazimishwa kulazwa hospitali ya akili kwa amri ya mamlaka asimiliki bunduki. Muda wa katazo? Hadi kaburini. Mwaka 1986 mkaingiwa na huruma, mkamruhusu naye aombe katazo liondolewe, mradi aoneshe kuwa si hatari kwa umma. Maombi yangepimwa na idara yenu ya silaha, ATF. Kisha mwaka 1992 mkachomeka kifungu kwenye bajeti: ATF isitumie hata senti moja kuyashughulikia maombi ya watu binafsi.

Nimenyoosha mikono. Huku Afrika Mashariki tunajiona mabingwa wa "njoo kesho", lakini karani wetu hukwepa kazi kwa kificho: faili halionekani, mwenye muhuri kaenda msibani. Wenu mmempigia kura. Haki ya kuomba ipo, sheria ipo, dirisha lipo. Kilichokatazwa ni mtu kuyasoma maombi.

Mwaka uleule wa 1986, mwanamume mmoja wa Michigan aliyekuwa ameachwa na mkewe alisononeka hadi binti zake wakaita polisi, na mahakama ikaamuru alazwe. Hakumaliza mwezi hospitalini. Alirudi kazini, akaoa tena, akazeeka. Mwaka 2011 alipotaka kununua bunduki akaambiwa haruhusiwi. Jimbo lake halikuwa na utaratibu wa kumsikiliza, na dirisha lenu mnalijua. Ikabidi afungue kesi, na ilipofika 2016 mahakama ya rufaa ikakubali walau kwamba ana hoja inayostahili kusikilizwa.

Sasa tazameni Connecticut. Sheria yao ya 1999 iliwaruhusu polisi, kwa hati ya jaji, kumnyang'anya silaha mtu anayeonekana yuko karibu kujidhuru au kudhuru wengine. Shauri lake lilipaswa kusikilizwa ndani ya siku 14. Kwa hiyo mwenye hatari ya leo hupewa tarehe, na aliyepona tangu enzi za Reagan hapewi. Kumbe kosa la yule mzee lilikuwa kupona.

Mtasema mahakama zipo. Mwaka 2002 muuza bunduki wa Texas alifika Mahakama ya Juu. Huyu hakuwa mgonjwa. Alipatikana na hatia baada ya kuvuka mpaka kwenda kula Mexico, kumbe garini mna boksi la risasi. Hatia hiyo nayo ilimnyima bunduki, akaomba katazo liondolewe, na ATF walimjibu kwamba hawana fungu. Majaji wote tisa wakaamua kwamba kutoshughulikiwa si kukataliwa, hivyo mahakama haina uamuzi wa kuupitia. Sijapata kusoma hukumu iliyonichekesha hivyo bila kukusudia.

Msidhani naandika kwa kupenda bunduki. Ningefurahi zikipungua kwa wote, wazima na wagonjwa. Zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi nchini mwenu ni watu waliojiua, na anayemwondolea mwenzake silaha usiku wa namna hiyo nitamshukuru. Ila hakimu asikie, na tarehe ya kurudi mbele yake iandikwe.

Na mnaweza, mkitaka. Mwaka 2016 serikali iliamua kwamba baadhi ya wapokeaji wa mafao ya ulemavu wa akili, ambao fedha zao husimamiwa na mtu mwingine, waingizwe kwenye orodha ya wasiouziwa bunduki. Hakuna jaji aliyewasikiliza. ACLU, watetezi wa haki za raia, na NRA, watetezi wa bunduki, ambao si kawaida kula sahani moja, wote walipinga, nanyi mkaifuta kanuni hiyo 2017. Mlifanya vyema, maana kama kushindwa kutunza hesabu ni dalili ya hatari kwa umma, kwa deni mlilo nalo mngepekuliwa ninyi kwanza.

Mwaka 2025 Wizara ya Sheria iliyaondoa maombi hayo ATF na kuyachukua yenyewe, yaani imepitia mlango wa uani. Nawaomba basi mchague: mlipeni karani, au mfute haki yenyewe waziwazi, kwa majina yenu na kura zenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa nchi nyingine.

Nakala: Karani wa Dirisha, ATF (asiisome).