Mapumziko ya Desemba

Aliyeyaita haya mapumziko apewe nishani. Shule zikifungwa, Makongolosi nzima hupumzika, isipokuwa mama, sufuria na paka.

Wangu watatu walianza kupumzika kwa kuchimba duara la dhahabu uani. Siwalaumu, dhahabu ya Lupa ilishawatia watu wazima wazimu miaka ya 1930. Wa miaka miwili ndiye karasha la kusagia mawe: vikombe, rimoti, miwani ya baba, vyote vimesagika kwa ustadi ambao mitambo ya hapa mjini ingeuonea wivu.

Baba yao, mtu wa huruma, akasema nimechoka, twende Iringa kwa mama yake nikapumzike. Kwenye basi alikaa siti ya mbele, kuilinda barabara isitoroke. Mimi nyuma na watoto watatu, chupa ya uji na jogoo wa zawadi. Kabla ya Chunya kitinda mimba alitapika. Tukipanda milima kuelekea Mbeya, jogoo naye akalegea. Hewa safi hiyo.

"Mama, tumefika?" Uyole. "Tumefika?" Igawa. Makambako. Mafinga. Somo la jiografia bure, na ada tumelipa mwaka mzima!

Iringa mama mkwe alitupokea kwa machozi. Akamtazama mwanawe, aliyekuwa ameamka muda huohuo, akamtandikia kitanda. Kisha akanigeukia kwa upole:

"Mkwe wangu, hebu watulize watoto. Mwenzio katoka safari."