Hako Ndiko Kamekushinda?

Mimi sina ugomvi na adui mwenye sura ya adui. Tembo akipita shambani utamsimulia mtu naye atakupa pole. Nzige wakija, redio inatangaza. Sasa mimi nitaanzaje kueleza kwamba nyanya zangu zimemalizwa na kinondo cha milimita sita au saba, rangi ya kijivu, madoa meusi yamemwagwa ovyo mbawani, na vipapasio vyembamba hata miwani haivioni vizuri? Nilimleta mmoja nyumbani kiganjani. Mama watoto akamtazama, akanitazama mimi. "Yaani hako ndiko kamekushinda?"

Hako hako. Wakulima tunamwita kanitangaze, wataalamu Tuta absoluta. Kwao ni Amerika Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akavuka bahari hadi Afrika Kaskazini, na kufikia 2014 alikuwa Kenya na Tanzania. Mimi nikitaka kwenda huko Hispania nitadaiwa taarifa za benki na alama za vidole. Yeye anapanda tenga la nyanya, basi.

Na uzazi wenyewe! Jike mmoja anaweza kutaga mayai 260. Kiwavi akishaanguliwa hakai juu ya jani kama mdudu mwenye adabu. Anatoboa, anaingia katikati ya ngozi mbili za jani na kula nyama ya ndani, kisha anahamia kwenye tunda. Ukipuliza dawa unamwoshea paa tu. Kijana wa duka la pembejeo aliniuzia chupa moja, nikarudi kulalamika, akaniuzia nyingine, "kiboko ya ile ya kwanza". Hakuniambia kwamba mdudu huyu ameshakuwa sugu kwa dawa nyingi. Pengine angeniambia kwenye chupa ya tatu.

Mchana humwoni, anajibanza kwenye majani, anatoka alfajiri na magharibi, saa ambazo mwenye shamba yuko kitandani au kwenye kahawa. Kilichonipa nafuu kidogo ni mtego wa harufu ya jike. Madume wanaifuata harufu hiyo mbio hadi ndani ya beseni la maji ya sabuni. Sitasema zaidi, wanaume wenzangu mnasoma.

Ila mtego haufui dafu kama jirani anarundika nyanya zilizotobolewa mpakani. Jirani, tafadhali, chimba shimo uzifukie. Jembe kama huna, njoo uchukue langu.