Tabasamu la Kubandikwa

Kompositi ni resini iliyochanganywa na chembe laini za kioo, nayo hubandikwa juu ya jino lililomeguka, lililobadilika rangi au lililozaliwa na umbo lisilompendeza mwenyewe. Daktari huanza kwa kulipaka asidi ya fosforiki. Mgonjwa aliyekanywa soda tangu utotoni kwa sababu ya asidi hulipia hii bila kunung'unika. Asidi hukwaruza enameli ili gundi ishike, jambo alilolionyesha Michael Buonocore nchini Marekani mwaka 1955. Kompositi hufuata kwa tabaka za milimita 2 hivi, kila moja ikigandishwa kwa mwanga wa buluu, kisha hupigwa msasa.

Kazi ya heshima ni kuunga jino lililovunjika. Kazi ya mtindo ni kuziba mwanya. Mwanya huohuo Uswahilini umesifiwa vizazi na vizazi, na bibi aliyeposwa kwa ajili yake sasa humwona mjukuu akitoa pesa uondoke. Madoa ya kahawia yatokanayo na floraidi, ambayo maji ya Arusha huyagawa bure, nayo hufunikwa, ila si bure.

Dawa ya kung'arisha meno haiigusi kompositi. Anayebandika kwanza na kung'arisha baadaye hubaki na kiraka cha rangi ya zamani katikati ya meno mapya. Chai ya rangi, kahawa na sigara huitia madoa. Ikitunzwa hudumu miaka 5 na zaidi. Kwa anayefungulia chupa za soda kwa meno, hadi jioni.