Saa ya Baba na Ndimu Tatu

Saa ya marehemu baba ilikaa kabatini miaka kumi na saba, ndani ya kopo la maziwa ya unga, imevishwa soksi ya mtoto isipigwe na hewa ya chumvi. Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, mpwa wangu aliyeko Maskati akapiga simu. "Mjomba, saa kuukuu za Uswisi zinagombewa kwenye minada ya mtandaoni. Ile ya babu bado ipo?"

Ikatolewa. Nyumba nzima hapa Ngamiani ikaizunguka meza: mama, shangazi, mke wangu na watoto. Ni Omega Seamaster, aliyoinunua baba mwaka 1964 alipokuwa karani wa shamba la mkonge Muheza. Mwaka ule mkonge ulifika kilele, tani kama 230,000 nchi nzima, na karani aliweza kujinyima miezi michache akavaa saa ya Uswisi.

Wiki mbili nilijifunza kuisoma. Kwanza uso: chini kabisa, penye namba sita, pana maneno "Swiss Made" kwa herufi nyembamba zilizokaa sawa. Herufi zikinenepa au zikienda upande, uso umepakwa rangi upya. Kisha akrabu: unga wake wa kung'aa gizani uwe umechakaa sawasawa na ule wa usoni. Kisha mashine, ambayo kwa Omega za enzi hizo ndiyo iliyochongwa namba. Yetu ina rangi ya shaba nyekundu, ina vito 24, na namba yake inaanza na 20, sawa na saa za 1963 na 1964. Baba hakudanganywa dukani.

Mpwa wangu alinieleza na ya kwao. Sultani Qaboos, aliyetawala Oman kuanzia 1970 hadi 2020, alitunuku watu saa zenye nembo ya jambia usoni, nyingine za Rolex. Kwa kuwa zinauzwa ghali, wajanja huchapa jambia kwenye saa za kawaida. "Mjomba, bei iko usoni," akasema. "Msiuguse."

Fundi saa alikitoa kioo cha plastiki kilichokuwa kimepasuka. Kipya kingekuja na basi la Dar es Salaam. Nikairudisha saa nyumbani ikiwa wazi, niipige picha kwa mwanga wa mchana. Nikaifunika kwa bakuli mezani, nikaenda sala ya Ijumaa.

Niliporudi, shangazi alikuwa amekaa mkekani. Mbele yake pana maganda ya ndimu tatu, majivu ya jikoni kwenye kisosi, na kitambaa kilicholowa. Hivyo ndivyo anavyosugua sinia za shaba kila Idi inapokaribia. Akainyanyua saa kwa mikono miwili. "Tazama, mwanangu. Kaka yangu kawa kijana."

Uso ulikuwa mweupe kama yai. Nembo ya Omega ilisalia kwa sababu ni kipande cha chuma kilichobandikwa. Jina Seamaster limekwenda, "Swiss Made" imekwenda, vistari vya dakika vimebaki upande mmoja. Mke wangu akashika mdomo. Shangazi akatutazama mmoja mmoja, akaelewa, machozi yakamlenga.

Mama ndiye aliyeuchukua mfuniko wa nyuma, akaugeuza ndani. Mlikuwa na maandishi madogo yaliyochorwa kwa ncha ya sindano, alama wanazoacha mafundi kila wanapofungua saa: 1971, 1978, 1986. "Sabini na moja ndiyo uliyozaliwa wewe," akaniambia. "Baba yako alikimbilia hospitali usiku, akaanguka ngazini, saa ikasimama." Habari hiyo sikuwa nimewahi kuisikia.

Hapo nikakumbuka: Oktoba 2017, huko New York, Rolex ya mwigizaji Paul Newman ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 17. Mgongoni mwa saa hiyo, mkewe alikuwa amechongesha maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Saa kama hiyo zilikuwapo nyingine. Yenye maneno ya mke wake ilikuwa moja.

Fundi alijitolea kuupaka uso rangi upya. Tulikataa, kwa sababu uso mpya ungekuwa uwongo, na saa hatukuiuza. Kosa nalibeba mimi niliyeiacha wazi mezani. Shangazi nimemwomba radhi, naye ndiye anayeitia ufunguo kila asubuhi.

Wewe mwenye saa ya mzee kabatini, usiisugue wala usiipake rangi. Mpelekee fundi aifungue mbele yako, usome mfuniko kwa ndani, kisha umuulize mama yako tarehe zile zilikuwa na nini. Muulize angali hai.